Tufungulieni Hilo Kabati

Mwaka jana nililipwa kuandika maneno mia tatu kuhusu kitabu ambacho sikuruhusiwa kusema kina nini ndani.

Ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi Turbo na laptopu iliyopasuka kioo. Tangu hapo naandikia watu nisiowajua: maelezo ya viatu, ya mafuta ya nywele, ya mahema. Mteja huyu alikuwa Marekani, muuzaji wa vitabu vya zamani. Alinitumia picha kumi na mbili na maagizo. Taja hali ya jalada. Taja kwamba kurasa zote zipo na hazina madoa. Taja kwamba ni toleo la kwanza. Mambo ya ndani, achana nayo.

Kitabu chenyewe ni Mormon Doctrine cha Bruce R. McConkie, kilichochapishwa Salt Lake City mwaka 1958. Kimepangwa kama kamusi ya imani, kuanzia A hadi Z. Kwa miaka mingi kilikaa katika nyumba za waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, kama kitabu cha kumaliza ubishi. Kiliacha kuchapishwa mwaka 2010. Siku hizi toleo lake la kwanza linawindwa na wakusanyaji.

Linawindwa kwa nini? Kwa sababu lina makosa. Nilipoelewa hilo ndipo hasira ilinianza.

McConkie alikitoa bila kuomba idhini ya wakuu wa kanisa lake, na wakuu wakashtuka. Mark E. Petersen, mmoja wa mitume, alikipitia akaripoti kwamba kinahitaji marekebisho 1,067. Humo ndani Kanisa Katoliki lilikuwa limeitwa kanisa la ibilisi. Mwaka 1966 likatoka toleo la pili, limelainishwa lugha, na tusi hilo kwa Wakatoliki limeondolewa. Basi la kwanza likawa adimu, na kitu kikiwa adimu bei hupanda.

Lakini kuna jambo ambalo mwaka 1966 halikuondolewa. Kitabu kilifundisha kwamba mtu mweusi hawezi kupewa ukuhani, na kwamba sababu yake ilianza kabla hajazaliwa, katika maisha ya roho yaliyotangulia haya. Hilo lilikuwemo toleo la kwanza, na likabaki la pili. Lilikuja kubadilishwa baada ya Juni 1978, Rais wa kanisa hilo, Spencer W. Kimball, alipotangaza ufunuo uliofungua ukuhani kwa kila mwanamume muumini anayestahili. Agosti mwaka huohuo McConkie mwenyewe aliwaambia watu wasahau yote ambayo yeye na waliomtangulia waliyasema kinyume na ufunuo huo.

Sasa weka matoleo hayo mezani, moja kando ya jingine. Utaona nani alirekebishiwa mapema, na nani aliachwa asubiri miaka kumi na miwili zaidi. Hakuna mhubiri wala mpinzani wa kanisa anayeweza kukueleza hilo wazi kama kurasa zenyewe. Na ndizo kurasa hizo nilizoambiwa nizisifu kwamba hazina madoa!

Nyumbani kwetu kuna kabati la vioo sebuleni. Mna vikombe vya maua na bilauri zenye ukingo wa dhahabu. Sisi tunanywea chai vikombe vya plastiki. Vile vya kabatini vinangoja mgeni. Nina miaka ishirini na sita na mgeni huyo bado sijamwona. Simlaumu mama, vikombe ni vyake. Ila mkusanyaji anayefungia kitabu kilichotoa hukumu juu yangu kabla sijazaliwa, huyo nina neno naye. Kitabu cha namna hiyo si pambo. Ni ushahidi.

Najua nitajibiwa. Ataanza mkusanyaji: bila sisi, kijana, vitabu vya zamani vingeishia kufungia mandazi. Kuna ukweli hapo, na historia ya Wamormoni wenyewe ina mfano mzuri. Julai 1833, huko Independence, Missouri, watu wenye ghasia walivamia nyumba ya kupigia chapa na kutupa nje kurasa za Kitabu cha Amri, mkusanyo wa mafunuo ya Joseph Smith. Wasichana wawili ndugu, Mary Elizabeth na Caroline Rollins, walikumbatia kurasa walizoweza wakakimbilia kwenye shamba la mahindi, wakalala juu yake mpaka wanaume waliokuwa wakiwasaka wakapotea. Sisi wa Uasin Gishu tunajua mahindi marefu yanavyoficha mtu. Leo nakala chache zilizosalia za kitabu hicho ni mali ya matajiri na maktaba kubwa.

Lakini bana, wale wasichana hawakulalia tope kwa ajili ya mnada. Waliokoa kurasa ili zisomwe. Na miaka miwili baadaye mafunuo hayo yalichapwa upya, katika Mafundisho na Maagano. Kuhifadhi bila kusomesha ni kuzika kwa heshima.

Wa pili kunijibu atakuwa muumini: kwa nini unafukua? Kanisa lilishabadilika. Ni kweli, na silipigi vita. Desemba 2013 kanisa hilo lilitoa maandishi rasmi yanayozikana zile nadharia za zamani kuhusu ngozi nyeusi. Lakini ukiniambia umehama nyumba, nionyeshe ulikotoka. Mabadiliko yasiyoonyesha yalikotoka ni tangazo tu.

Nilimpelekea habari hii jirani yetu, mama ambaye ni muumini wa kanisa hilo na anaweka akiba aende hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025. Nilikuwa na hamu ya kumshtua, nakiri.

"Mama, unajua kabla ya 1978 mlango wa hekalu ungefungwa usoni mwako?"

Aliendelea kupukuchua mahindi. "Najua, kijana wangu. Hata Biblia iliwahi kushikwa na waliotuuza. Ningeiacha?"

Nikakosa jibu. Halafu akasema, "Lakini hicho kitabu ningependa kukisoma mwenyewe. Nimesimuliwa tu. Wewe umekiona?"

Nilikuwa nimeona picha ya jalada.

Hilo ndilo linaloniuma. Msitu wa Turbo ulipandwa ulishe kiwanda cha karatasi cha Webuye. Magogo yametoka hapa, yamepita barabara kuu hii ya Malaba, yakawa karatasi. Miti tumetoa sisi, lakini mama huyu akitaka kusoma ukurasa unaomhusu yeye, lazima asubiri kusimuliwa. Kanisa lake lilisajiliwa Kenya mwaka 1991, miaka kumi na mitatu baada ya ufunuo wa Kimball, kwa hiyo wengi wetu tulikuta ukuta umeshabomolewa na kifusi kimeshazolewa. Wenye kifusi wanauziana kwa dola.

Ninachodai si kikubwa. Wenye nakala mbilimbili, tatutatu, leteni moja. Leteni la 1958, la 1966 na mojawapo lililofuata 1978, yawekwe juu ya meza moja katika maktaba ya umma Eldoret, kila mtu ayafungue kwa mikono yake, hata kama imetoka shambani. Jalada likichanika, lichanike. Muumini atasoma, Mkatoliki atasoma, na mimi nisiyejua niko wapi nitasoma. Tutabishana vizuri zaidi kuliko sasa.

Sijifanyi shujaa. Yale maneno mia tatu niliyaandika, nikalipwa dola sita, nikanunua unga na bando. Katikati niliingiza sentensi moja kuhusu yaliyomo. Mteja aliifuta, akaniandikia kwamba wanunuzi hawahitaji hilo.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Kitabu hiki kinafundisha kwamba aliyeandika tangazo hili alizaliwa na kasoro.