MOYO WA MTOTO SI DENI LA HARAMBEE



Kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, tumeizoea kadi ya mchango ipitishwayo baada ya ibada: mtoto ana tundu moyoni, na wazazi hawana fedha za upasuaji. Maskini hutoa walicho nacho. Kisha mheshimiwa hutoa bahasha yake, naye hupigiwa makofi.

Tunauliza: makofi ya nini? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 53 chamhakikishia kila mtoto huduma za afya. Serikali ikidai haina fedha, Kifungu cha 20 chaitwika serikali yenyewe mzigo wa kuthibitisha. Hili basi ni deni, na mdaiwa hasifiwi kwa kurusha sarafu mbele ya umati.

Tutajibiwa kwamba bima mpya ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Twajua. Lakini mfugaji aliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 atauza ng'ombe yupi alipie mchango? Sheria ya bima hiyo, ya mwaka 2023, yasema kaya zisizojiweza zilipiwe na serikali. Je, kaya hizo zimeandikishwa vijijini mwetu, au zimeachwa nje ya daftari?

Wala si kila moyo huzaliwa na kasoro. Mwingine huharibiwa na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, yaletayo homa ya baridi yabisi na kuumiza vali. Penisilini, dawa ya bei nafuu, huweza kuzuia balaa hilo. Zahanati ni jukumu la kaunti. Hospitali za kitaifa za rufaa ni jukumu la serikali kuu. Tusikubali mmoja ajifiche nyuma ya mwenzake.

Hatudharau matendo ya huruma. Hospitali za makanisa, kama Mater jijini Nairobi na Tenwek kule Bomet, zimewafanyia watoto wengi upasuaji wa moyo. Lakini huruma ya kanisa isifanywe pazia la kuufunika uzembe wa dola.

Basi kila kanisa, kwa ridhaa ya wazazi, liandike orodha ya watoto wanaosubiri. Tuipeleke kwenye vikao vya bajeti ya kaunti na katika Bunge. Tukipuuzwa, Kifungu cha 22 chatufungulia mlango wa mahakama bila ada ya kufungua kesi.

Waliotutangulia walipodai vyama vingi, waliambiwa nchi haijawa tayari. Hawakunyamaza, na Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa. Nasi tusinyamaze. Moyo wa mtoto mgonjwa haungoji nchi iwe tayari.