Waraka kwa Wanachama: Twende kwa Wazee Wenye Alama

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha sanaa cha Nambis, na wenzetu wa Mbulu na Hanang.

Ndugu zangu, mama zangu, na ninyi vijana,

Nawaomba jambo moja. Kabla ya mkutano wetu ujao, kila mmoja wetu aende kwa bibi au babu mwenye chale za zamani, amwamkie, akae naye, amwombe ruhusa, kisha azichore chale hizo kwenye daftari na kuandika atakachoambiwa. Wazee hao wanatutoka, na kila msiba unaondoka na sehemu ya kazi hii.

Mtazameni kwa karibu bibi wa Kidatooga, jirani yetu sisi Wairaqw. Kuzunguka jicho lake kuna vinundu vidogo vya ngozi, kimoja kikimfuata kingine, hadi duara linafunga. Nafasi kati ya kinundu na kinundu ni ileile, juu ya nyusi na chini ya jicho, na aliyechanja hakuwa na rula wala kalamu ya kupimia. Kazi kama hiyo ingekuwa kwenye turubai tungeilipia kiingilio kwenda kuiona. Kwa kuwa iko usoni mwa bibi, watoto wetu wanaicheka, na wapo wajukuu wanaoona haya kuongozana naye sokoni.

Haya hiyo tulifundishwa. Utawala wa Waingereza ulipiga marufuku marmo, unyago wa mabinti wa Kiiraqw, karibu na mwaka 1930. Sketi zetu za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga zilikuwa kazi ya mabinti wakiwa ndani humo, wakitunzwa na kufundishwa. Marmo ilipofungwa, ufundi ule ukakosa darasa. Leo ukitaka kuziona nyingi pamoja, uende kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kijana wa Mbulu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuishika hata moja.

Wadatooga walipata kipigo kingine. Waingereza walikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja: mtu mmoja akiua, ng'ombe wa wengi wanaswagwa. Na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 ilibaki hata baada ya bendera kubadilika. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, yalipoenea tambarare ya Basotu, trekta zililima malisho na zilipita juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wa heshima. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, wa kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikasema hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kama sheria ile inavyotaka. Jamani! Watu wanaobeba kabila lao usoni, wanadaiwa ushahidi kwamba ni wenyeji wa Hanang! Jeraha la namna hiyo halifungwi kwa fidia peke yake, na hata fidia yenyewe ilikuwa shida.

Wala tusiwaachie wageni lawama zote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkoa wa Arusha, ambao sisi tulikuwa ndani yake hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002, ulikuwa na operesheni ya kuwavua Wamaasai lubega na rangi nyekundu ili waonekane wameendelea. Serikali ilikuwa yetu wenyewe.

Wenzetu wa mbali wameanza kujitibu, na njia yao inatufaa. Huko New Zealand sheria ya mwaka 1907 iliwapiga marufuku wataalamu wa jadi wa Wamaori. Mwaka 2020 Nanaia Mahuta akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo akiwa na moko, tatuu ya ukoo wake, kidevuni. Kaskazini mwa Kanada, Angela Hovak Johnston aliwakusanya wanawake wa Kiinuiti mwaka 2016 wakachorwa upya alama ambazo zilikuwa karibu kutoweka. Hao wote walikuwa watu wazima. Walichagua wenyewe.

Nasisitiza hilo la watu wazima. Sitaki nisikie kwamba kikundi chetu kimepeleka wembe kwa mtoto kwa jina la mila. Ukeketaji wa mabinti walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998, lakini utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Manyara wamekeketwa. Tukisema tunaponya majeraha ya ukoloni huku tunawajeruhi mabinti wetu, hakuna atakayetuamini, na atakuwa na haki. Mtoto afundishwe kuchora. Akikua, ngozi ni yake.

Mtu mzima anayetaka tatuu ya alama za bibi yake aende kwa fundi anayevaa glovu na kufungua sindano mpya mbele yake. Sindano au wembe wa kuchangia unaweza kueneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Asiyetaka kuguswa ngozi ana kibuyu, ana ngozi ya ng'ombe, ana kitambaa, ana ukuta wa nyumba yake. Mimi binafsi ningependa tuanzie kwenye ngozi na shanga, maana wamebaki wanawake wachache wanaojua kufunga shanga zile kwa kano za mnyama, na mikono yao bado ina nguvu.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kwetu Wairaqw, ambao tumegombana na Wadatooga kwa ardhi miaka mingi. Alama zao si mali yetu. Usizichore kwenye fulana ukawauzia watalii. Uliza familia, na wakikataa, funga daftari na umshukuru mzee kwa muda wake. Wakikubali, picha ya kwanza ibaki nyumbani kwao, nakala ndiyo ije kwetu.

Mje na daftari zenu. Kila mwanachama aje na kijana mmoja aliyekuwepo wakati mzee anazungumza, na kijana huyo ndiye atakayetusomea alichoandika.

Wenu katika kazi,
Katibu