Mfano wa Chombo na Uwe wa Kweli

Katika pwani yote ya Unguja, toka Nungwi mpaka Kizimkazi, watoto hufanya vyombo vidogo vya kuchezea. Huchukua kipande cha mti mwepesi wakakichonga kwa kisu. Mlingoti huwa kijiti, na tanga huwa kitambaa kilichochakaa au kipande cha mfuko. Maji yakipwa, hukusanyika kando ya vidimbwi vilivyobaki mchangani, wakashindanisha vyombo vyao, na kila mmoja humshangilia nahodha asiyeonekana.

Wazee wengi hupita wakicheka. Wengine hukasirika, husema kwamba hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi, na kwamba mtoto mwenye akili angekaa na kitabu chake. Maneno hayo yana ukweli kidogo na makosa mengi. Chombo kidogo kilichofanywa ovyo ni mchezo tu, na mchezo haumdhuru mtoto. Lakini chombo kidogo kilichofanywa kwa kipimo ni somo, tena ni kumbukumbu, tena ni ushahidi. Yafaa basi shule za visiwani ziwafundishe wanafunzi kuunda mifano ya vyombo vya pwani yao, na sharti moja liwe juu ya masharti yote: mfano uwe wa kweli.

Faida ya mfano wa kweli huonekana katika habari za mtepe. Zamani mtepe ulikuwa chombo mashuhuri cha pwani ya Waswahili, hasa upande wa Lamu na visiwa vyake. Haukupigwa msumari hata mmoja wa chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba uliosukwa. Omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia, tena ilitiwa macho kwa rangi. Mitepe ilipakia boriti na bidhaa nyingine, ikashuka kwa upepo wa kaskazi mpaka Unguja. Watu waliokuwa wakiiona kila mwaka hawakudhani kwamba siku moja itakwisha. Walakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini, na mafundi walioijua wakafa mmoja mmoja.

Kilichobaki ni nini? Yalibaki maandishi machache, picha, na mifano midogo iliyotunzwa katika majumba ya makumbusho. Mwanzoni mwa karne ya 21 watu walitaka kuunda tena mtepe mzima, uwekwe katika Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Hapakuwa na mtepe mzee popote wa kutazamwa. Katika hali kama hiyo mfano mdogo huwa mwalimu. Fundi aweza kuuzunguka, akauinamia, akahesabu mishono yake, akaona ubao upi unapita juu ya upi. Picha huonyesha upande mmoja tu, na maneno husahau jambo ambalo mwandishi hakuliona kuwa kubwa. Mfano wa kweli huonyesha pande zote, hata zile ambazo aliyeuunda hakujua kwamba zitaulizwa.

Na yeyote asidhani kwamba kitu kikiisha kuwekwa katika jumba kubwa kimesalimika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu walikufa. Jumba lililosimama zaidi ya miaka 130 lilianguka mchana mmoja. Hekima moja hutoka katika msiba ule: kumbukumbu ya thamani haifai kuwekwa mahali pamoja tu. Mifano kumi katika shule kumi ni salama kuliko mfano mmoja katika jumba la kifalme.

Sasa vyombo vingine vinafuata njia ya mtepe. Ngalawa, mashua na majahazi yangalipo, na katika ufuko wa Nungwi mafundi wangali wanaunda kwa shoka, tezo, msumeno na keekee. Lakini boti za faiba zenye injini zimekwisha kuingia, miti mikubwa ni shida kupatikana, na vijana wengi hutafuta kazi nyingine. Tena fundi wa jahazi aghalabu haundi kwa kufuata ramani ya karatasi. Hutazama kwa jicho, hupima kwa mkono, na ramani yake yote imo kichwani. Fundi wa namna hiyo akifa bila mwanafunzi, kitabu kizima kimezikwa. Mtoto aliyeunda mfano mbele yake, akasahihishwa naye, amenakili kurasa kadhaa za kitabu hicho.

Mwanafunzi anayetaka kuunda mfano wa kweli ataanza kwa adabu. Ataenda ufukoni, atamwambia fundi, “Shikamoo, mzee,” atangoje marahaba yake, kisha asaidie kushika ubao au kuokota vibanzi kabla ya kuuliza lolote. Hapo ataonyeshwa mkuku, ule mti mrefu unaolazwa kwanza, ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Ataonyeshwa mataruma, ambayo ni mbavu zake. Na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Ataona jinsi kalafati inavyotiwa, pamba iliyotiwa mafuta ikipigwa katika nafasi za mbao maji yasipenye. Mtu aliyeyaona haya hataunda tena chombo kwa kubahatisha.

Baada ya adabu huja hesabu. Tuseme jahazi lina urefu wa mita 20, upana wa mita 6, na mlingoti wa mita 12. Mwanafunzi akichagua kipimo cha moja kwa ishirini, mfano wake utakuwa na urefu wa mita 1, upana wa sentimita 30, na mlingoti wa sentimita 60. Baharia mwenye kimo cha sentimita 160 atakuwa kisanamu cha sentimita 8. Kisanamu hicho kina kazi yake: kikiwekwa ndani ya chombo, huonyesha mara moja kama usukani ni mkubwa mno au kama ubavu ni mfupi mno. Chombo ambacho baharia wake hawezi kuufikia usukani ni chombo cha uongo.

Hesabu hiyo yaficha jambo la ajabu. Mfano ule ni mdogo mara 20 kwa urefu, lakini tanga lake ni dogo mara 400, kwa kuwa hupungua kwa urefu na kwa upana. Na uzito wake ni mdogo mara 8,000, kwa kuwa chombo hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Jahazi la tani 40 huwa mfano wa kilo 5. Basi upepo unaovuma juu ya mfano ni upepo ule ule unaovuma juu ya jahazi. Nguvu inayolisukuma tanga imepungua mara 400, na uzito unaokiweka chombo wima umepungua mara 8,000. Ndiyo sababu mfano ulioundwa kwa haki hupinduka upesi ukitiwa baharini, na mtoto hulia akidhani amekosea. Hakukosea. Hana budi kuongeza farumi chini, risasi au mawe madogo, au kupunguza tanga. Mwalimu anayetafuta njia ya kufundisha eneo na ujazo hatapata njia iliyo bora kuliko hii, maana mwanafunzi aliyeona chombo chake kikipinduka hasahau hesabu iliyokipindua.

Wako watakaosema kwamba usahihi huo ni wa kupita kiasi. Huuliza, kuna dhara gani mlingoti ukisimama wima, au nyuma ya chombo ikichongoka? Katika maduka ya Mji Mkongwe wageni huuziwa majahazi madogo mazuri ya kupendeza, na wanunuzi huyafurahia bila kuuliza neno. Ni kweli kwamba fundi wa vitu vya kuuza ana haki ya kula jasho lake. Lakini atazamaye kwa makini huona kwamba baadhi ya vyombo vile havikupata kuelea katika bahari yoyote. Jahazi la pwani hii limekatwa bapa nyuma, na mlingoti wake huinama kidogo kuelekea mbele. Bumu la Waarabu limechongoka mbele na nyuma. Mtu akichukua nyuma ya bumu akaiunga na mbele ya jahazi, kisha akausimamisha mlingoti kama nguzo ya nyumba, amefanya pambo, hakufanya mfano. Na pambo hilo likikaa miaka 100, wajukuu wataliamini. Ushahidi wa uongo haupungui ubaya kwa kuwa umechongwa vizuri.

Wavulana, tena, hupenda sana manowari na vifaru. Mpe mvulana ubao na misumari, na kabla ya jua kutua amekwisha kuweka mizinga. Watu wengine wangependa kupiga marufuku michezo hiyo, lakini marufuku haifundishi neno. Yafaa zaidi sharti lile lile la kweli litumike hapa pia, maana bandari ya Unguja ina habari zake za manowari, na habari hizo si za kuchekesha.

Glasgow ilikuwa merikebu ya Sultani Barghash, iliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1870 kwa kuiga manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo. Nayo, kwa namna fulani, ilikuwa mfano: ilikuwa na umbo la manowari, mizinga yake ilikuwa midogo, na kazi yake ilikuwa fahari ya mfalme. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, Waingereza walianza kulipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Glasgow ilijibu kwa mizinga yake midogo, nayo ikazamishwa pale pale bandarini. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kupita, na watu wa upande wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Milingoti ya Glasgow ilibaki ikitokeza juu ya maji kwa miaka mingi, ikaonekana na kila aliyesimama Forodhani.

Miaka 18 baadaye bandari iliona mizinga tena. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe, ikashambuliwa na Königsberg ya Wajerumani, nayo ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, karibu na Mji. Königsberg nayo iliishia katika mdomo wa mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Siku hizi mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg hutazamwa huko Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu. Maadui wawili wamekaa jirani, wote kimya.

Mvulana anayetaka kuunda Pegasus au Glasgow na aiunde, ahesabu mabomba yake ya moshi na milingoti yake kwa kufuata picha za zamani. Lakini chini ya mfano wake aweke kibao, aandike jina la merikebu, mwaka iliozama, na habari za waliokufa ndani yake. Manowari ya kuchezea haina maiti, na hapo ndipo uongo wake ulipo. Mtoto aliyeandika kibao kile kwa mkono wake hatatamani vita kwa wepesi, wala hatakuwa mjinga wa historia ya mji wake.

Labda mzazi atauliza mwishoni: je, mfano utamlisha mtoto? Wachache utawalisha. Fundi wa kweli hujulikana, na wako wanunuzi wanaotafuta kazi iliyo sahihi. Lakini jibu kubwa si hilo. Mtoto aliyejifunza kupima kabla ya kukata, kukubali kusahihishwa na mzee, na kubomoa sehemu aliyoikosea ingawa hakuna atakayeiona, amepata tabia itakayomfaa katika kila kazi, awe tabibu, mjenzi, mwalimu au nahodha. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Mafundi wa Nungwi wangali hai, tezo zao zingali zikisikika ufukoni, na maswali bado yana mtu wa kuyajibu. Waliokuwa na nafasi ya kuwauliza mafundi wa mtepe waliiacha ikapita, wakidhani kesho ipo. Mwanafunzi wa leo ana kisu, ana kipande cha mti, ana rula katika mkoba wake wa shule. Asingoje jahazi la mwisho lifike ufukoni ndipo aanze kulipima.