Pazia Nzito si Stara: Tuzirudishie Nyumba Zetu Pumzi



Leo nitasema maneno yanayoweza kunikosesha wateja. Mimi nashona pazia. Nimeanza na vitambaa vya meza na foronya, leo nina vyerehani vitatu na wasichana wawili wanaonisaidia, na riziki yangu kubwa inatoka kwenye vyumba vya mabiharusi. Kwa hiyo asije mtu akasema naona choyo. Ninachokipiga vita leo ndicho kinachonilisha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, anaoza binti yake. Anataka pazia za mahameli, zenye bitana nzito, kutoka darini mpaka sakafuni, ukuta mzima. Nikamuuliza chumba kina madirisha mangapi. Akaniambia moja, na hilo moja limezibwa tangu walipojenga chumba cha nyuma. Basi nashona pazia la kufunika ukuta! Nikamwambia, "Mama, pesa hizi ungemfungulia mwanao dirisha." Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Mwanangu, dirisha la nini? Mtoto wa kike anataka stara."

Hapo ndipo nilipokerwa, na ndipo ninapotaka tuzungumze. Tumelichukua neno tukufu, stara, tukalifanya kufuli la kumfungia mwanamke katika kiza na joto.

Jamani, wazee wetu hawakuwa na stara? Wao ndio walioijua kuliko sisi. Hebu pita Mji Mkongwe, utazame nyumba za zamani kwa jicho la fundi. Madirisha yana milango ya mbao yenye vibao vya mshazari: aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni ndani, na upepo unapita siku nzima. Katikati ya nyumba kuna ua ulio wazi juu, mwanga unashuka mpaka chini, na joto linapanda likatoka. Mwanamke alianua nguo, alipepeta mchele, alisuka nywele, kichwa wazi, juani, wala hakuonwa na mtu. Hiyo ndiyo stara. Hata nyumba zetu za kawaida za Ng'ambo, zile za ukumbi kati, vyumba huku na huku, zilikuwa na uwani nyuma, na mlango wa mbele ukitazamana na mlango wa nyuma ili upepo upite.

Sisi tumefanya nini? Tumeujaza ua. Kijana akitaka kuoa, anajengewa chumba uwani. Mdogo wake naye, chumba. Kisha bafu, kisha jiko. Mwishowe nyumba yenye vyumba sita imekuwa na vyumba kumi na haina pua. Juu tunaweka dari ya jipsamu yenye mataa ya rangi, chini marumaru, madirishani alumini za kusukuma ambazo zikifunguliwa zote ni nusu tu, nusu ya pili ni kioo. Kisha tunalalamika joto, tunanunua kiyoyozi.

Na mimi nimo. Nisiwanyooshee kidole kama mtu aliyetakasika. Nilipoolewa niliingia nyumba ya mavyaa wangu, Miembeni. Mwaka wa tatu nikamwomba mume wangu anijengee chumba cha kushonea uwani, pembeni ya kile walichokwisha kujenga cha shemeji yangu. Akanijengea, Allah amlipe. Uwani ukabaki kama ukanda wa kupitia paka. Ukumbi ukawa kiza, taa inawaka mchana na usiku. Mimi mwenyewe nikautia pazia za rangi ya maruni ili upendeze.

Siku moja umeme ulikatika, karibu na adhuhuri. Mavyaa wangu alitoka chumbani kwenda kutia udhu. Nje jua la utosi, ndani kiza. Akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka, akavunjika nyonga. Nilimkuta chini anaomba asamehewe kwa kutupa usumbufu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii naijua toka nina meno yote, leo sikuijua." Mpaka sasa anatembelea mkongojo. Ajali ni qadar ya Allah, lakini ile ndoo haikuonekana kwa sababu ya chumba changu.

Tulikivunja. Ndiyo, chumba cha kushonea nilichokiomba mwenyewe. Cherehani nimeihamishia chumba cha mbele, upande wa baraza, na wallahi sasa natia uzi sindanoni bila ya kuwasha taa.

Sasa njooni tufanye hesabu, maana wanawake ndio tunaonunua umeme wa nyumba. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni la juu linakula wati 75 hivi. Likizunguka saa nane za usiku halijafika yuniti moja. Kiyoyozi kidogo kinaweza kula wati 1,000. Saa nane bila ya kupumzika ni yuniti nane, na hata kikipumzika nusu ya muda ni nne. Kila usiku. Taa za zamani za wati 60 zilituumiza. Leo taa ndogo ya wati 9 inatoa mwanga ule ule. Lakini mwanga wa mchana Allah anautoa bure, sisi tunauziba kisha tunanunua taa. Hii si israfu? Tunaogopa israfu ya wali uliobaki sahanini, israfu ya kuzima jua hatuioni.

Na tusisahau haraka. Umeme wetu unakuja kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 uliharibika, tukakaa kama mwezi mzima bila umeme. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, tena miezi ya kaskazi, joto la kuchemka. Nani walilala? Walilala wenye ua na wenye baraza. Waliojifungia kwenye vioo na zege walikuwa wakizunguka na vipande vya maboksi wakijipepea. Leo tumewekewa waya mkubwa zaidi, alhamdulillah, lakini nyumba isiyoweza kukalika bila waya si nyumba, ni friji.

Kuna jambo jingine linaloniuma, la saruji. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa, kama kitambaa cha pamba mwilini. Ukiupaka saruji na rangi ya mafuta umeuvalisha nailoni. Unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka, plasta inabanduka, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza polepole. Kisha tunasema nyumba ya kizamani mbovu, ivunjwe. Imeharibiwa na matengenezo yetu! Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, tuliliona Disemba 2020 upande mmoja ukiporomoka. Ikiwa jengo kubwa la namna ile linataka uangalizi, nyumba yako ya urithi isiyotiwa chokaa miaka thelathini itasimama kwa nini?

Fundi cherehani mzuri akiletewa gauni la mama mwenye nyumba, kitambaa kizuri lakini linabana, halitupi wala halibandiki viraka juu. Analifumua pale penye pindo, anaachia. Nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Zina pindo. Tatizo letu tunaongeza kwa kubandika.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Wezi." Weka nondo, na juu ya ukuta weka matofali ya matundu. Mwizi hapiti kwenye tundu la ngumi, upepo unapita.

"Mbu." Weka wavu kwenye fremu ya mbao. Mimi nawashonea pia wavu wa kufunga na kufungua, na si ghali.

"Majirani wataona ndani." Hili ni la haki, tena lina sura mbili, kwa sababu dirisha lako lisitazame ua wa mwenzio, haki ya jirani ni nzito. Lakini dirisha linaweza kuwa juu ya kimo cha mtu: mwanga unaingia, macho hayaingii. Na pazia, shona la pamba nyepesi, jeupe, lisilogusa sakafu. Mchana aliye nje haoni ndani, maana nje ndiko kwenye mwanga mwingi. Usiku ukiwasha taa, ndipo uvute lile zito. Mbona ni rahisi?

"Nyumba ni ya urithi, wenyewe kumi na moja, kwa nini nitie pesa yangu?" Hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia, nakubali. Lakini kaeni kitako, andikeni nani ametia nini, mbele ya mashahidi, ili siku ya kugawana kila mtu apate haki yake. Na anzeni na vinavyohamishika: wavu, pazia, mabati mawili ya kupitisha mwanga.

"Hatuna pesa." Hapana, mpenzi wangu. Nawashonea mimi, najua mnatoa nini. Pazia za chumba kimoja cha bi harusi kwangu huanzia laki tatu. Mabati mawili ya kupitisha mwanga juu ya ukumbi hayafiki hata nusu ya hizo. Pesa ipo, inakwenda kwenye picha.

Basi, kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo tuliyoyafanya sisi, kwa mpangilio huu.

Kwanza tulitafuta njia ya upepo. Kaskazi inavuma upande huu, kusi upande huu. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja peke yake ni sawa na chupa. Tulitoboa matundu juu ya milango ya vyumba na kwenye pembe tatu ya ukuta chini ya bati, joto likapata pa kutokea.

Pili, tulibadilisha mabati mawili ya ukumbini tukaweka ya kupitisha mwanga, yale meupe ya maziwa. Mawili yanatosha. Msiweke kumi, mtajipika.

Tatu, bati lililobaki tulilipaka rangi nyeupe. Rangi nyeupe inarudisha jua. Tofauti tuliisikia alasiri ile ile.

Nne, ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la jioni, tuliuwekea kipenu na mti wa mstafeli. Kivuli cha nje kina nguvu kuliko pazia la ndani, maana jua likishapita kiooni, joto limekwisha ingia.

Tano, jiko. Moshi wa kuni na makaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, si maneno ya kutisha. Jiko letu sasa lina dirisha pande mbili na tundu juu. Anayepika naye ni mtu.

Sita, palipobanduka tuliondoa saruji, tukarudisha chokaa. Fundi wa chokaa mtafute mzee, na umpe kijana ajifunze naye.

Wa Mji Mkongwe, msiguse ukuta wala dirisha kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Wengine pia ulizieni kibali mtaani kwenu. Na ukuta unaobeba boriti usivunjwe kwa kubahatisha. Mwite fundi anayejua.

Wewe bi harusi mtarajiwa, nakwambia kama dada. Mahari ni haki yako, na kabla ya shughuli utaulizwa unataka kitanda gani, kabati gani, pazia rangi gani. Uliza wewe kwanza: chumba kina dirisha? Upepo unatoka wapi? Adhuhuri naweza kusoma msahafu bila ya taa? Jiko liko wapi? Si utovu wa adabu. Wewe ndiye utakayekaa humo mchana kutwa, utakayezaa na kulea humo. Mtume (SAW) amehesabu makazi yenye nafasi miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mtu, na nafasi si wingi wa vyumba. Nafasi ni kuweza kupumua.

Na mkija kwangu, nitawashonea. Lakini nitawauliza dirisha liko wapi, na kama hakuna, sichukui kazi. Nimekwisha kushona kiza cha kutosha.

Allah azifanye nyumba zetu ziwe na nuru, utulivu na rehma, na amponye mavyaa wangu na wazee wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.