Gundi Haina Miguu

Kila nikitoka Musanda kwenda Mumias nawaona wale vijana wa chupa mdomoni, na kila mara kuna mtu mzima pembeni anasema, "Hao wamejiharibu wenyewe." Wacheni hiyo. Gundi haina miguu.

Kinachowalewesha kinaitwa toluini. Inatokana na mafuta ghafi, haina rangi, inanukia, na haichanganyiki na maji. Inayeyusha mpira na rangi, ndiyo maana iko kwenye gundi nyingi za viatu na kwenye thina. Fundi anapaka, toluini inaruka hewani, soli inabaki imeshika. Hapo hakuna shida. Shida ni ile ya kuvutwa makusudi: inapita mapafuni, inaingia kwa damu, inafika kwa ubongo haraka. Njaa na baridi vinasahaulika kidogo. Baadaye mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea, na moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa aliyevuta mara ya kwanza.

Sasa niambie, mtoto wa miaka tisa ametoa wapi gundi? Yeye hanunui kopo zima. Kuna mtu mzima mwenye kopo, anammwagia kidogo kwa chupa, anapokea sarafu, jioni anarudi nyumbani kwa watoto wake. Mbona huyo hatumsemi?

Na wewe unayesoma, usijione umepona. Thina iliyobaki ukipaka mlango uliweka wapi? Kwa chupa ya soda, chini ya meza, karibu na jiko. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa kama mara tatu. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto, hata siku ya baridi. Na mtoto akiwa na kiu, chupa ya soda ni soda tu. Akimeza, usimtapishe, kwa sababu ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Kimbia hospitali, na ubebe hiyo chupa.

Mimi sina digrii, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini hii haitaki digrii: iache kwa kopo lake, kifuniko kikaze, penye hewa, mbali na moto, na ufunge kwa kufuli.

Na ukimuuzia mtoto, usithubutu kumwita chokoraa. Pesa yake si iko mfukoni mwako?