MSOMI WA MWAKA WA MWISHO NAYE NI MFANYAKAZI



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, sare na saa za ziada. Leo naomba nafasi niseme habari ya kazi nyingine, ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi. Ni kazi ya mtu anayeandika tasnifu ya udaktari, na hasa mtu aliye katika mwaka wake wa mwisho. Sisemi udaktari wa sindano. Nasema ule udaktari wa vitabu, ambao mtu huchagua jambo moja lisilojulikana vizuri, akalichunguza kwa miaka, akaandika kitabu kizima juu yake, kisha akasimama mbele ya jopo la wakaguzi kukitetea.

Mtu atauliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa nyundo na mataruma? Yatuhusu sana. Kwetu Ekerenyo, na Nyamira na Kisii kwa jumla, fedha za karo hutoka katika majani chai, katika ndizi, katika ng'ombe aliyeuzwa, na katika mishahara yetu sisi tulio mbali na nyumbani. Tangu Chuo Kikuu cha Kisii kipewe hati yake mwezi wa Februari 2013, si lazima tena mtu wa kwetu apande basi kwenda Nairobi kutafuta shahada. Wanaosoma ni watoto wetu na ndugu zetu. Wengine ni wanachama wenzetu, wanaofanya kazi mchana na kufungua vitabu usiku. Basi mtu wa namna hiyo akianguka karibu na mwisho, si yeye peke yake aliyeanguka. Ng'ombe wa baba naye amepotea.

Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, wala sijui kuandika tasnifu. Lakini kazi ndefu naijua, na nimemwona mtu anavyochoka karibu na mwisho wake. Mtoto wa kaka yangu yuko katika mwaka huo. Miaka ya kwanza alikuwa na furaha, akisafiri, akiuliza watu maswali, akijaza madaftari. Sasa safari zimekwisha, imebaki meza na kiti. Amekwisha kusoma sura zake mara nyingi hata amezichukia. Sura moja ilikaa kwa msimamizi wake miezi mitano bila jibu. Wenzake walioanza kazi pamoja naye wamejenga. Siku hizi haji hata matangani, maana kila akija mzee mmoja humwuliza mbele ya watu, "Mwanangu, hata leo hujamaliza?" Aliniambia, "Baba mdogo, si kwamba siwezi. Nikikaa kuandika naona uzito kama wa jiwe."

Watu husema kijana wa namna hiyo amekosa moyo. Mimi nakataa. Maoni yangu ni haya: hakukosa moyo, amekosa vitu ambavyo sisi wafanyakazi tulivipigania na kuvipata. Mfanyakazi ana saa zake za kuingia na kutoka. Ana kipimo cha kazi ya leo. Ana wenzake katika gengi. Ana mkubwa wa kazi anayepaswa kumjibu. Ana siku yake ya kupumzika. Mwandishi wa tasnifu hana hata kimoja kati ya hivyo asipojifanyia mwenyewe au asiposaidiwa. Mpe mtu wa reli kazi isiyo na saa, isiyo na kipimo, isiyo na wenzi wala jibu, tuone kama moyo wake utafika mwaka.

Kwanza, kipimo. Gengi la njia halipewi kazi ya kutengeneza reli kutoka Nairobi mpaka Kisumu. Linapewa maili zake, na kila siku kazi yake: bolti hizi zikazwe, mataruma haya yabadilishwe, kokoto hizi zishindiliwe. Jioni mtu huona alichofanya. Lakini msomi akiamka husema, "Leo nitaandika tasnifu." Hiyo si kazi ya siku, hiyo ni njia nzima. Heri aseme, "Leo nitaandika nusu ukurasa juu ya jambo hili moja," akiumaliza aweke kalamu chini kama mtu aliyemaliza zamu. Nusu ukurasa kwa siku 300 ni kurasa 150. Bandu bandu huisha gogo. Wala asingoje kwanza ajisikie vizuri. Sisi hatungoji kujisikia vizuri ndipo tushike spana. Tunashika spana, na hamu hutukuta kazini.

Pili, asikubali pahali pagumu pamsimamishe kila kitu. Hapa nitataja historia ya kazi yetu wenyewe. Reli ya zamani ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mbele yake palikuwa na mteremko mkali wa Kikuyu kuingia Bonde la Ufa. Kutengeneza njia ya kudumu pale kulihitaji muda mrefu. Je, wahandisi walikaa wakalia? La. Walitengeneza njia ya muda ya kushusha mabehewa kwa kamba za chuma, wakateremsha reli na vyombo, na kazi ikaendelea bondeni huku mteremko wenyewe ukitengenezwa pole pole. Msomi naye akiwa na sura iliyomshinda, aweke kamba yake ya muda. Aandike tu maneno matatu ya kumkumbusha, aende sura nyingine, atarudi.

Tena ajue kwamba kufika si kumaliza. Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, wakati ule pakiitwa Port Florence. Lakini madaraja mengi ya chuma upande wa Mau yalikuwa bado hayajakwisha, na treni zilipita kwenye njia za muda. Kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha mwaka 1903. Basi kijana akipeleka tasnifu yake na wakaguzi wakamrudishia masahihisho mengi, asidhani amefukuzwa. Ni madaraja yake hayo. Kila njia inayo.

Tatu, wenzi. Jambo hili ndilo kubwa, na wanachama wa vyama yatupasa kulijua kuliko watu wote, maana tunaye mtu wa kutufundisha. Ni marehemu Makhan Singh. Mtu huyu alikuja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, mwaka 1935 akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama katika East African Trade Union Congress. Mwezi wa Mei 1950 serikali ya kikoloni ilimkamata, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11! Hakuwa mtu wa digrii ya udaktari. Lakini alikuwa na jambo la kuandika, yaani historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, akaliandika kwa uangalifu wa msomi, kwa tarehe na kwa hati. Kitabu chake kilichofika mpaka mwaka 1952 kilichapishwa mwaka 1969.

Angalieni sasa sehemu ya pili. Makhan Singh aliendelea kuandika habari za mwaka 1952 mpaka 1956. Mwaka 1973 akafariki kabla sehemu hiyo haijachapishwa. Je, ilipotea? Haikupotea. Profesa Bethwell Ogot aliishughulikia, nayo ikatoka mwaka 1980. Mtu aliyeweza kuvumilia kizuizi miaka 11 hakukosa moyo, lakini hata kazi yake ilihitaji mkono wa mwingine kufika mwisho. Ikiwa ni hivyo kwa Makhan Singh, kwa nini tumwambie kijana wetu ajifungie peke yake mpaka amalize? Watafute wenzake wawili au watatu walio katika mwaka kama wake, wakutane kila juma, kila mmoja aonyeshe kurasa alizoandika. Asiye na kurasa aje vile vile, awaambie wenzake kilichomzuia. Mkutano wa namna hiyo hauna gharama ila chai.

Nne, jibu la mkubwa. Msimamizi anayekaa na sura miezi mitano anaharibu kazi, na mwanafunzi ana haki ya kudai jibu kwa adabu, kwa barua yenye tarehe, na barua ya pili kwa idara ikiwa ya kwanza imenyamaziwa. Sisi tunajua nguvu ya malalamiko yaliyoandikwa. Lakini wanachama wasielewe vibaya. Wahadhiri nao ni wafanyakazi wenzetu, nao hugoma, kama walivyogoma mwaka 2017, na 2018, na tena 2025, kwa sababu ya mishahara na makubaliano yasiyotimizwa. Sitasema neno juu ya mgomo wao. Mwanafunzi asiwalaumu. Lakini mgomo wa mwalimu usiwe mgomo wa kalamu yake. Siku hizo hakuna wa kumsumbua, aandike.

Tano, mapumziko. Reli ile ninayoisifu iliwaua watu wapatao 2,500 kati ya wale zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, kwa magonjwa na ajali, na simba wa Tsavo wakachukua wao. Wafrika waliokufa humo wala hesabu yao haikuwekwa sawasawa. Kazi kubwa isiyomjali mtu hula mtu. Tusijenge udaktari kwa desturi ile. Mtu alale usiku, apumzike siku moja katika juma, aje nyumbani ale na mama yake pasipo kuulizwa habari ya kitabu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka. Mwanachama anayesoma azipange kwa akili: zingine za kuandika, zingine za kulala.

Mtu mwingine atasema, "Mimi nina watoto na kazi, nafasi sina." Marehemu Wangari Maathai alipata udaktari wake Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuupata. Alikuwa anafundisha chuoni, mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1970, na wa pili mwaka ule ule wa 1971. Simtaji ili kuwaaibisha akina mama wanaochelewa, maana mzigo si sawa kwa wote. Namtaja ili waume wanaosoma habari hii waulize: mke wangu akiandika, nani anabeba mtoto?

Kuna pia njia ya mkato. Wako watu wanaoandikia wengine tasnifu kwa malipo. Mwenye kukodi mwandishi ni kama mtu anayetia sahihi kwamba njia imekaguliwa, naye hakuikanyaga. Siku treni ikipita ndipo tutajua. Heri mwaka mmoja zaidi kwa jasho lake mwenyewe.

Sasa niseme yanayotupasa sisi.

Nyumbani, tuache swali la "lini?" Badala yake tuulize, "Juma hili umefanya nini?" Swali la kwanza humfunga mtu mdomo, la pili humpa nafasi ya kujibu. Kama chumba kipo chenye mlango na taa, apewe asubuhi zake, wala asiitwe kila mara kwenda dukani kwa sababu "amekaa tu." Hakukaa tu. Yuko kazini.

Katika ushirika wetu wa kuweka na kukopa, yafaa tufikirie mkopo mdogo wa mwaka wa mwisho, wa karo ya miezi ile, kuchapa na kujalidi. Kuna mtu aliyelipiwa miaka mingi akasimama kwa sababu ya fedha chache za mwisho. Hiyo ni hasara kama kununua behewa na kukosa pini ya kuliunga.

Na chama kipeleke neno la likizo ya masomo katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja unaokuja. Mwanachama aliye mwaka wa mwisho apewe majuma kadhaa, hata kwa nusu mshahara, na zamu ambazo hazimvunji. Viongozi watasema wanaosoma mpaka huko ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini chama hakikuundwa kwa ajili ya wengi peke yao.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo wazee walivyosema. Vijana wetu wameyavua nguo, wamo ndani ya maji mpaka shingoni, na ng'ambo wanaiona. Kazi yetu sisi tulio ukingoni si kupiga kelele kwamba wanachelewa. Tuingie tuwape mkono.

Nawaomba matawi yalijadili jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao, na majibu yaletwe kwa maandishi.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi,
Mtu wa Gengi la Njia, wa Ekerenyo