Mashine ya Vinasaba Haijui pa Kubisha Hodi

Mgeni rasmi alisimama mbele ya wahitimu wa kidato cha sita, wengi wao wa tahasusi za sanaa za HGL na HKL, akawaambia kwamba nchi haijengwi na mashairi. Akaongeza kuwa amesikia kuna mtu ametunukiwa shahada ya uzamivu kwa kutafiti misemo ya khanga. "Khanga!" akarudia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimu wa Kiswahili na historia wakacheka. Wazazi waliojinyima miaka miwili kulipa ada wakampigia makofi. Mimi sikucheka, na mpaka naandika haya hasira haijaniisha.

Angekuwa yeye peke yake ningenyamaza. Lakini alichosema ndicho kinachosemwa kila mahali, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi kwenye vikao vya bajeti: utafiti wa kweli ni wa maabara, na mengine yote ni anasa ya watu waliokimbia hesabu. Jirani zetu Uganda wameiandika imani hiyo kwenye hati za mishahara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa mwenye shahada ileile akaachwa nyuma sana. Juni mwaka huo walimu wakagoma, na walikuwa na haki ya kugoma. Kwetu Tanzania, Ufadhili wa Samia ulipoanza mwaka wa masomo 2022/2023 ulilengwa kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Siupingi hata kidogo. Kila mtoto anayelipiwa masomo ni faida. Ninachouliza ni yuko wapi mtoto aliyeongoza kwa historia.

Sasa twende Kilimanjaro, tuone historia inafanya kazi gani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na viongozi wengine. Wazee wamesimulia, kizazi hadi kizazi, kwamba kichwa cha Mangi kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Miaka nenda rudi simulizi hiyo ilionekana hadithi ya wazee tu, kitu cha kuwafurahisha watalii. Kumbe Berlin kulikuwa na mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa kwenye maboksi ya makumbusho tangu enzi za ukoloni. Watafiti walichunguza takribani mafuvu 1,100, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania na Kenya. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho hayo ikatangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba imewapata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya marehemu hao. Mmoja wa marehemu alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli.

Ushindi wa sayansi, mtasema. Ndiyo, na mimi nawapongeza watu wa maabara. Lakini fikirini kazi ilivyokwenda. Mashine ya vinasaba inaweza kulinganisha mate ya mtu aliye hai na mfupa wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Haiwezi kusema uende kijiji gani. Haijui ukoo wa nani unakaa mteremko upi wa mlima. Kati ya mafuvu yote yale, ni machache tu ambayo kumbukumbu zake zilitosha kuanza kuwatafuta ndugu, na kumbukumbu hizo zilisomwa na watu wa historia: daftari za makumbusho, mwandiko wa Kijerumani wa karne iliyopita, lebo zilizofifia. Upande wa huku zilihitajika familia zilizokuwa bado zinakumbuka nani alimzaa nani. Ondoa nyaraka, ondoa simulizi, ubaki na mashine yako ya mamilioni: utampima nani?

Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaigongomea mpaka isikike. Swali la binadamu halina kitivo. Linaanzia kwenye mfupa, linapita kwenye daftari, linaishia kwenye kumbukumbu ya bibi kizee. Anayefunga mlango mmoja amefunga njia nzima.

Kama Moshi haitoshi, twende Kongo. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini. Safari hii chanjo ilikuwepo, ilikwisha kuonyesha nguvu yake Guinea mwaka 2015. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Pamoja na hayo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili na kuua watu zaidi ya 2,200. Sayansi ya chanjo haikushindwa. Kilichokosekana mapema ni watu wa kuelewa kwamba wakazi wa Beni na Butembo walikuwa wameuawa na makundi ya wenye silaha mwaka baada ya mwaka bila dunia kujali, kisha ghafla wakaona misafara ya magari ya kifahari ikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na moja ya sababu zilizotajwa ni Ebola, wakati Wakongo wengine walipiga kura. Watu wakahitimisha kuwa ugonjwa ni mbinu ya siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili mwaka huohuo daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa akiwa hospitalini Butembo.

Niambieni ni darubini gani inayoonyesha uchungu wa mtu aliyenyimwa kura. Uchungu huo husomwa na watu wa sayansi ya siasa, historia, anthropolojia na isimu. Watu wa isimu ndio wanaojua kwamba tangazo la Kifaransa huishia ofisini, kwamba Butembo nyumbani ni Kinande, na kwamba hata Kiswahili cha Kivu si hiki cha Dar es Salaam. Miaka minne kabla, kule Guinea, Liberia na Sierra Leone, familia zilikuwa zikiwaficha wagonjwa na kuzika usiku, mpaka wanaanthropolojia waliposaidia kupatikana kwa namna ya kuzika iliyo salama na yenye heshima kwa marehemu. Dawa haiingii mwilini mpaka mwenye mwili akubali. Elimu ya kukubali au kukataa kwake ipo katika vitivo vilevile vinavyochekwa kwenye mahafali.

Kuna swali ambalo watu hulitoa kwa majivuno, kana kwamba limemaliza mjadala: utafiti wa ngoma au wa khanga utatujengea barabara gani? Hilo ni swali la kitoto. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, inatafiti mbu, na mbu wale hawajajenga hata mita moja ya lami. Kwa kipimo hicho tuifunge? Daktari wa moyo amejenga daraja gani? Mwenye swali hilo hajui hata anachokisifia. Ameona koti jeupe akadhani ndiyo sayansi.

Na hao hao, laiti wangekuwepo Magamba mwaka 1963, wangemcheka Erasto Mpemba. Mwanafunzi yule aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Alipouliza alidhihakiwa darasani. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, na Osborne alikuwa na adabu ya kwenda kujaribu kabla ya kucheka. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lenye jina la Mtanzania. G. H. Hardy wa Cambridge, mwaka 1940, alijivunia kwa maandishi kwamba hisabati yake haina matumizi yoyote. Nadharia ya namba aliyoipenda ndiyo leo inalinda siri za benki mtandaoni. Anayedai kujua mapema utafiti upi utafaa na upi hautafaa anadai elimu ya ghaibu.

Narudi kwenye khanga, maana imeniuma. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa pwani wameambiana kwa maandishi ya nguo yale wasiyoweza kutamka mdomoni: kwa mke mwenza, kwa mawifi, kwa mume aliyepotea njia, kwa mtaa mzima. Nyaraka za serikali zimejaa barua za maliwali na madisii. Sauti ya mwanamke wa Tanga au Unguja wa miaka ya 1930 utaipata wapi? Anayekusanya misemo ile anakusanya historia ambayo hakuna mwanaume aliyejisumbua kuiandika. Kumpa mtu huyo shahada ya uzamivu ni haki yake, na aliyemcheka anapaswa kumwomba radhi.

Wanaothamini kazi hii wapo, ila wako mbali. Miswada ya zamani ya Kiswahili imetunzwa London, pale SOAS. Wataalamu wa Kiswahili hukutana kila mwaka Bayreuth, Ujerumani. Hawa hawana pwani ya Waswahili, hawana khanga, na wanalipia. Sisi wenye pwani tunacheka. Kisha mtafiti wetu akimaliza kazi yake, tasnifu inawekwa kwenye rafu, kwa Kiingereza, asiisome hata mtu aliyehojiwa, na makala yake inakwenda kwenye jarida la nje linalotaka dola ili kulifungua. Wahadhiri, hapa nawasema na ninyi. Mnaandika ili mpande cheo, halafu mnashangaa wananchi hawajui mnafanya nini. Mngeandika japo kurasa kumi kwa Kiswahili, mgeni rasmi yule asingepata wa kucheka naye.

Mpwa wangu alifaulu vizuri sana kidato cha nne akachagua HKL. Kikao cha ukoo kikaitishwa kana kwamba amepata msiba. Shangazi mmoja alilia. Binti alishikilia msimamo, sasa yuko chuoni anasoma isimu, na baba yake akiulizwa na majirani hujibu kwamba mtoto yuko chuo kikuu, kisha hubadilisha mazungumzo. Wanaosema masomo ya sanaa hayana ajira wawatazame madaktari na wauguzi waliohitimu ambao bado wako mtaani wakisubiri kuajiriwa. Ukosefu wa ajira ni tatizo la uchumi wetu. Kumbebesha binti aliyependa lugha mzigo huo ni uonevu.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipeleka wanafunzi wa historia kukusanya simulizi za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wazee walioviona kwa macho walikuwa wamebaki wachache. Wangesubiri miaka 20 zaidi, wangekuta makaburi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika vita vile. Mambo aliyoyaombea msamaha yanajulikana pia kwa sababu kuna watu walikubali kutumia fedha na muda kuwasikiliza wazee.

Leo aliyekuwa na miaka 20 siku ya Uhuru amevuka 80. Waliohamishiwa vijiji vya ujamaa wakiwa na watoto mgongoni ni bibi zetu. Waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979 wanazikwa kila mwezi. Wizara ya elimu, wakuu wa vyuo, wabunge mnaopitisha bajeti: wapeni wanafunzi wa historia, isimu na fasihi nauli na vinasa sauti, muwatume vijijini likizo hii. Likizo ijayo baadhi ya hao wazee hawatakuwepo.